Nani Aseme "Futa"? Gharama za Hifadhi ya Mtandaoni na Faili Zisizo na Mwenyewe

Mada iliyowasilishwa Rulenge kwa wahasibu, makatibu muhtasi na watunza kumbukumbu wa shule, zahanati na ofisi za miradi kutoka Ngara na Biharamulo



Hifadhi ya mtandaoni tunaijua sote: faili zetu hukaa kwenye kompyuta za kampuni nyingine, nasi tunalipia nafasi. Nakala rudufu ni faili ileile iliyohifadhiwa zaidi ya mara moja. Faili iliyosahaulika ni ile isiyofunguliwa na mtu, wala hakuna anayekumbuka iliwekwa kwa kazi gani. Sitakaa hapo.

Gharama
Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na ndani yake mna barua pepe, Drive na picha kwa pamoja. Tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa, hata iliyobanwa. Mwaka huohuo Google ilitangaza kwamba taasisi za elimu, zilizokuwa zimezoea nafasi isiyo na kikomo, zitapewa terabaiti 100 kwa taasisi nzima. Kwetu sisi bei mara nyingi hupangwa kwa dola ilhali bajeti imepitishwa kwa shilingi. Na kabla ya nafasi kuna bando. Picha moja ya semina ikipandishwa na watu watano, ofisi imenunua bando mara tano, kisha inalipia nafasi tano kila mwezi.

Nakala zinakotoka
Wilaya ya Ngara ni wilaya ya miradi tangu mwishoni mwa Aprili 1994, takriban wakimbizi robo milioni walipovuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Mashirika yalikuja, mengine yakaondoka, lakini desturi ya ripoti na picha za ushahidi ilibaki. Fungua folda ya mradi wowote uliofungwa. Utakuta "Ripoti robo ya pili", "Ripoti FINAL", "FINAL mpya", "FINAL imesainiwa" na "FINAL imesainiwa (1)". Mbili za mwisho ni kitu kimoja. Tena hiyo iliyosainiwa imeskaniwa kwa rangi, kwa nukta 600 kwa inchi, wakati ukurasa wenyewe ni maandishi meusi na muhuri mmoja. Nukta 200 zingetosha kuusoma, na 600 maana yake ni nukta mara tisa.

Nakala za namna hiyo mashine inaziona. Programu za bure kama dupeGuru na Czkawka hulinganisha maudhui ya faili, hata majina yakitofautiana. Picha iliyopitia WhatsApp ni habari nyingine: imebanwa, kwa hiyo si sawa tena na ile ya kamera. Czkawka inaweza kutafuta picha zinazofanana, lakini ipi ibaki ni uamuzi wa mtu.

Tatizo lenyewe
Hapa ndipo nilipopigana kwa miaka, na naomba mnivumilie. Kuzipata nakala si kazi ngumu. Unapeleka orodha kwa mhasibu, anasema tusubiri mkaguzi. Mkaguzi anakuja, anaondoka, mhasibu anasema labda atarudi. Unampelekea mkuu wa ofisi, anasema muulize aliyeziweka. Aliyeziweka alikuwa wa mradi, mkataba uliisha, na akaunti ilifunguliwa kwa namba yake ya simu. Mwisho wa mwaka tunaongeza nafasi, kwa sababu kulipa hakuhitaji mtu kuamua.

Hofu ya kufuta siidharau. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza terabaiti 77, faili zipatazo milioni 34 za watafiti, kwa sababu programu ya bekapu iliyokusudiwa kusafisha faili za zamani ilifuta zilizokuwa zikihitajika. Kwa ofisi za umma ipo pia Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002: kumbukumbu za umma haziteketezwi kwa uamuzi wa mtu mmoja mezani pake. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za watu zisikae zaidi ya muda zinaohitajika. Picha za watoto na orodha za wagonjwa wa mradi uliofungwa zamani, zikiwa kwenye akaunti ambayo nywila yake anaijua mtu aliyehama, si tahadhari. Ni hatari, na tunailipia.

Mapendekezo
Kwanza, kila ofisi imteue kwa barua mtu mwenye mamlaka ya kuidhinisha ufutaji, na makamu wake. Pili, akaunti zote ziwe za ofisi. Anayeondoka akabidhi nywila kama anavyokabidhi funguo. Tatu, mradi ukifungwa, folda yake ifungwe pia: ibaki ripoti iliyosainiwa, hesabu, na picha chache zilizochaguliwa. Nne, muda wa kutunza kila aina ya faili uandikwe, na ofisi za umma zifuate ratiba iliyoidhinishwa.

Tano, kutumiana viambatisho ndani ya ofisi kukome, tumeni kiungo. Sita, barua zisizo na rangi ziskaniwe kwa nyeusi na nyeupe, nukta 200. Saba, kabla ya kufuta, nakili kwenye diski ya nje, jaribu kufungua faili kadhaa humo, kisha futa. Kwenye Drive faili hukaa kwenye pipa la taka siku 30, na muda huo wote bado zinahesabiwa. Nane, anzeni na faili kubwa, hasa video, kwa kuzipanga kwa ukubwa. Kufuta nyaraka za Word ni kupoteza siku. Tisa, nafasi isiongezwe kabla orodha ya nakala haijasainiwa. Kumi, narudia la kwanza: pasipo mtu aliyeteuliwa, haya mengine yatabaki kwenye makabrasha.

Fomu iliyo mikononi mwenu ina safu nne: jina la folda, ukubwa, mwenye folda, na sahihi ya anayeidhinisha. Naomba kila ofisi iandike jina kwenye safu ya nne leo, kabla ya chakula cha mchana, wakuu wa ofisi wakiwa bado ukumbini.