Daftari Lisilofichwa: Hotuba ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Miaka Kumi



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Habari za hisa, mikopo na mgao mtazisoma katika taarifa ya mweka hazina ndani ya kijitabu hiki. Sisi tumeombwa na kamati tuseme jambo moja tu, lile lililotuletea mjadala mkali mwaka huu: je, kitu kizuri ukikitoa bure, utakula nini?

Wenzetu mnakumbuka tulianza na sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo tatu mikononi mwa wanawake watatu. Pesa zilihesabiwa mbele ya wote. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, lakini hakuna aliyeweza kutudanganya, kwa sababu kila kitu kilifanyika mbele ya macho yetu.

Mwaka wetu wa saba tukaletewa programu ya hesabu ya kwenye simu. Tulilipa ada kila mwezi, na madaftari tukayaweka kabatini. Siku moja wenye programu wakapandisha ada, tukachelewa kulipa, na simu ikakataa kufunguka. Hesabu zetu za miezi minne zikabaki kwao. Tulipiga simu mpaka tukachoka. Kikundi kilikaribia kuvunjika, maana kila mmoja alisema deni lake ni dogo na akiba yake ni kubwa. Tulikaa Jumapili tatu tukiulizana, "Wewe ulilipa ngapi?", na machozi yalitoka.

Ndipo binti wa mwenzetu mmoja, aliyesomea kompyuta, akatuambia: "Mama zangu, kosa lenu si kutumia simu. Mlikubali sanduku ambalo hamwezi kulifungua." Akatueleza juu ya programu huria, yaani programu ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kumpa mwingine. Tukamwuliza, sasa aliyeitengeneza anakula nini? Akatupa mfano wa hapa hapa Kenya, nao ni Ushahidi.

Akina mama, wengine wetu tulikuwa Nakuru mwezi wa Januari 2008. Hatuna haja ya kueleza tuliyoyaona. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha, na matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku. Ukitaka kujua kama barabara ni salama ulimpigia ndugu yako.

Wakati huo mwanasheria Ory Okolloh alikuwa akiandika kwenye intaneti habari alizotumiwa na watu, nazo zikamzidi. Aliporudi Afrika Kusini alikokuwa akiishi, akaomba wajuzi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha mambo yanatokea wapi. Wakajitokeza Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ambaye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu ya kwanza. Hawakukaa mji mmoja, na hakuna aliyewalipa. Kwa siku chache tu kazi ikasimama. Mwananchi aliweza kutuma habari kwa intaneti au kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, na ikawekwa kwenye ramani.

Machafuko yalipopoa, wangeweza kuifungia programu yao na kuiuza. Hawakufanya hivyo. Waliijenga upya, wakaunda shirika, na maandishi ya programu wakayaacha wazi. Mwaka ule ule wa 2008 ikatumika mashariki mwa Kongo. Mwaka 2009 kituo cha Al Jazeera kiliitumia kwa habari za Gaza. Haiti ilipopigwa na tetemeko tarehe 12 Januari 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani waliisimamisha ramani, na watu wa Haiti wakatuma ujumbe kwa namba 4636. Ujumbe mwingi ulikuwa wa Krioli, na Wahaiti walioko ng'ambo walijitolea kuutafsiri. Mwaka 2011 Wajapani nao waliitumia baada ya tetemeko na tsunami. Programu ya watu wanne ikawa na mafundi kila pembe ya dunia, na kila aliyerekebisha kitu aliweza kukirudisha kwa wengine.

Sasa, walikula nini? Tulimbana binti huyo na swali hili jioni nzima. Akasema kwanza waliishi kwa misaada ya mashirika kama Humanity United mwaka 2008 na Omidyar Network mwaka 2009. Baadaye waliweka pia huduma za kulipia, kwa wale wanaotaka kuwekewa na kutunziwa mitambo. Yaani mbegu ni bure, lakini ukitaka mtu akulimie, utamlipa. Na mti ukazaa matawi. Mwaka 2010 walisaidia kuanzisha iHub jijini Nairobi, mahali pa vijana wa kompyuta kukutana. Mwaka 2013 wakatangaza BRCK, kifaa cha intaneti cha kustahimili umeme unaokatika, nacho kikawa kampuni ya kujitegemea, kama mtoto aliyejenga kwake. Mwaka 2019 uongozi wa Ushahidi ulishikwa na Angela Oduor Lungati, mwanamke aliyeingia humo kama mtengenezaji wa programu.

Lakini tusidanganyane. Ramani nyingi zilifunguliwa na watu mbalimbali zikabaki tupu, kwa sababu hakukuwa na wa kukusanya habari wala wa kuzihakiki. Wenyewe walikuwa wakisema teknolojia ni sehemu ndogo ya kazi, na kazi kubwa ni watu. Hilo sisi tunalijua. Sanduku halijawahi kumdai mtu deni.

Basi, binti yetu akatutengenezea programu ndogo ya hesabu, iliyojengwa kwa vipande huria. Kila Jumapili hesabu zinasomwa kwa sauti na nakala inabaki kwenye daftari. Habari zikaenea. Kikundi jirani kikaja na shilingi 15,000 kuinunua, na hapo moto ukawaka. Wengine wakasema tuuze, mweka hazina wetu akiwa wa kwanza. Hakuwa na tamaa. Alisema, "Mtoto wa mwenzetu amekesha usiku, nanyi mnataka kugawa jasho lake kama maji ya mvua?" Alikuwa na haki kusema hivyo.

Tulipiga kura. Wanachama 19 walisema itolewe bure, 9 walisema iuzwe. Lakini hoja ya wale 9 hatukuitupa. Tukakubaliana mambo matatu. Kwanza, programu ni bure kwa kikundi chochote. Pili, kikundi kikitaka kufundishwa kitalipa shilingi 1,500 kwa siku, na pesa hizo ni za binti, si zetu. Tatu, atakayeirekebisha aturudishie marekebisho yake.

Haikupita miezi miwili, akina mama wa kikundi jirani wakatuletea habari ya kutuaibisha. Waligundua programu yetu ilikuwa ikitoza riba mara mbili mtu akilipa deni kwa mafungu mawili siku moja. Kijana wao ndiye aliyeona kosa lilipo, kwa kuwa aliweza kusoma ndani. Mwenzetu mmoja alikuwa amezidishiwa shilingi 340 bila kujua, naye ni mjane asiyependa kulalamika. Tulimrudishia mbele ya mkutano. Siku hiyo mweka hazina alisimama mwenyewe akasema, "Tungeuza, tungekula 15,000 na kosa letu tungebaki nalo." Tukapiga makofi.

Kwa hiyo, mgeni wa heshima, jibu letu kwa swali lile ni hili. Anayetoa bure hali kwa ile aliyotoa. Anakula kwa kazi ya mikono yake na kwa kuaminiwa. Na anayepokea bure asikae kama mgeni, bali ashike jembe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa miaka kumi ijayo tunaomba mambo mawili. Mabinti zetu wasomeshwe kompyuta, si kwa kuzitumia tu bali kwa kuzitengeneza. Na vikundi vyote vilivyo hapa, kabla hamjaweka akiba yenu kwenye simu, ulizeni: tukitaka kuondoka, tutaondoka na daftari letu? Mkijibiwa kwa kuzungushwa, rudini kwenye kufuli tatu.

Sanduku letu la kwanza liko pale mezani. Limeota kutu, lakini karibuni mlifungue.