Fomu Iliyofungwa, Mlango Uliofunguliwa

Maneno ya katibu wa kamati ya elimu



Mwaka jana fomu ya kuomba ada tuliituma ikiwa wazi. Kila aliyejaza alisogeza mistari, na mzazi mmoja akafuta bila kujua sehemu ya namba ya simu. Tulimtafuta mtoto wake hadi muhula ukaanza, ada yake tumeishika mkononi. Kosa lilikuwa letu.

Safari hii tumetengeneza fomu upya kwa Microsoft Word. Tumeweka visanduku vya kujazia jina, shule, kidato na simu. Kisha, kwenye Restrict Editing, tumeruhusu kujaza fomu tu na kuweka nywila. Maswali hayafutiki tena. Nywila tunayo mimi na mweka hazina, tusije tukakwama mmoja akisafiri. Asiye na kompyuta atapewa ya karatasi, yenye maswali yaleyale.

Lakini ndugu zangu, fomu haimsomeshi mtoto. Inatuonyesha tu anayesubiri. Kumsomesha ni mchango wetu wa leo. Karibuni mezani kwa mweka hazina.