Baraza Lifungapo Mlango



Sisi tushikao kalamu mabarazani ndio wa kwanza kuambiwa, "Karani, funga mlango." Jioni hii twataka kunena juu ya amri hiyo: ni halali wakati gani, na karani aandike nini kabla hajainuka kitini.

Twaanzia mbali kidogo, katika mji wa Tenby, pwani ya Wales. Mhariri wa gazeti la pale, Bwana Mason, alizuiwa na baraza la mji asihudhurie mikutano yake. Shauri likafika mahakamani, na mwaka 1908 ikaamuliwa kwamba hana haki ya kuingia ila kwa ridhaa ya baraza. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuwaingiza waandishi wa magazeti. Lakini werevu hauna mwisho! Baraza lililotaka kujificha lilijigeuza kuwa halmashauri: watu wale wale, viti vile vile, jina tu ndilo lililobadilika, na mwandishi akabaki nje. Hila hiyo ilidumu hata mwaka 1960, Margaret Thatcher, mbunge mpya wakati ule, alipopeleka mswada uliowafungulia mlango watu wote na kuiziba hila yenyewe.

Sheria ile ya 1960 haikuondoa siri. Baraza liliweza kuwatoa watu kwa azimio, ikiwa kutangaza jambo kungedhuru manufaa ya wote, kwa kuwa shauri ni la siri, au kwa sababu nyingine maalumu iliyotajwa katika azimio. Na sababu hiyo sharti itokane na shauri lenyewe. Hapo ndipo penye uzito. Ugonjwa wa mtumishi, bei ambayo baraza li tayari kuilipa kwa kiwanja, maneno ya wakili kabla ya kesi: hayo, tusidanganyane, hata sisi tungeyafungia mlango. Aibu ya mjumbe haimo.

Huku kwetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, vifungu vya 118 na 196, yaagiza Bunge na mabaraza ya kaunti yakutane wazi, pamoja na kamati zao. Watu wasitolewe ila Spika aonapo sababu ya haki katika hali isiyo ya kawaida.

Twakumbuka baraza moja, tusilitaje jina. Mlango ulifungwa kwa ajili ya maradhi ya mtumishi mmoja. Yalipokwisha haukufunguliwa, na humo ndani ushuru wa soko ukapandishwa. Akina mama wa sokoni walipata habari siku ya kudaiwa. Walipouliza, muhtasari ulisema, "Mambo mengine yalizungumzwa." Maneno hayo tuliyaandika sisi, kwa mkono wetu.

Basi twaomba chama kiwashauri makarani wote: kabla ya mlango kufungwa, liandikwe jina la aliyetoa hoja, sababu yake, na shauri linalohusika, shauri hilo likiisha, karani amkumbushe mwenyekiti kwamba watu wangali wanangoja barazani.