Kanga Hii Imetoka Wapi?

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya semina ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Nimetakiwa niseme machache juu ya swali moja: je, mnunuzi aingiapo dukani, yampasa kuuliza bidhaa anayoitaka imetengenezwa wapi? Wako wasemao kwamba swali hilo limepitwa na wakati, na kwamba mnunuzi atazame bei na ubora, basi. Wako pia wasemao kwamba kila anunuaye kitu cha nje anaisaliti nchi yake. Naona pande zote mbili zimekosea. Kanga itatusaidia kuelewa kwa nini.

Hakuna vazi linalosema Kiswahili waziwazi kuliko kanga. Hata hivyo, kwa miaka mingi kanga zilizovaliwa katika pwani yetu zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Maneno yalikuwa yetu, lakini ujira wa kufuma na kutia rangi ulibaki ng'ambo. Baada ya Uhuru ndipo tulipojenga viwanda vikubwa vya nguo, kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa mkopo wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na Mwatex cha Mwanza, katikati ya nchi ya pamba. Leo katika duka moja utakuta kanga iliyochapwa hapa na kanga iliyotoka India, zikining'inia pamoja, na zote mbili zina methali ya Kiswahili. Jina la kanga halikuambii kanga ilikozaliwa.

Tuifuate pamba yenyewe. Ikitoka shambani Simiyu au Shinyanga, kwanza huchambuliwa ili nyuzi zitengane na mbegu. Kisha nyuzi husokotwa kuwa uzi, uzi hufumwa kuwa kitambaa, kitambaa hutiwa rangi, na mwisho hufika kwa mshonaji. Kila hatua ina ujira wake na ufundi wake, nayo huiletea nchi kodi. Sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa imepita hatua ile ya kwanza tu. Kwa hiyo hata shati lililoshonwa mtaani kwetu huenda likawa la hapa kwa sindano tu, na la ng'ambo kwa mengine yote. Swali la haki basi ni hili: katika kazi yote iliyofanywa juu ya kitu hiki, ni hatua ngapi zimefanywa na mikono yetu?

Je, swali hilo tumwulize nani? Tusianze na mama anayeinama juu ya fungu la mitumba akimtafutia mwanawe sweta. Yeye hanunui kwa sababu anawapenda wageni. Ananunua kile ambacho fedha yake inakiweza. Viwanda vyetu havikudhoofishwa naye. Vilidhoofishwa na uhaba wa fedha za kigeni na vipuri, kukatika kwa umeme, uendeshaji mbaya, na ushindani wa bidhaa za nje zilizoingia kwa wingi baada ya biashara kulegezwa kuanzia mwaka 1984.

Hata serikali zenyewe zimeona ugumu wa jambo hili. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kutunyima nafuu ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Ikiwa mzigo huu umezilemea dola, hatuwezi kuutwika kichwa cha maskini.

Lakini yuko mnunuzi mwingine, mkubwa kuliko wote, naye ni umma. Ndiye anayenunua mashuka ya hospitali, sare za askari, madawati na chaki. Na mkono unaotia sahihi kwa niaba yake, Ndugu zangu, ni huu wetu. Mimi mwenyewe nimepata kuketi katika kamati ya kununua vitambaa vya sare. Tulikuwa na bei tatu mezani, tukachukua iliyo ndogo. Hakuna aliyeuliza kitambaa kimefumwa wapi, wala mimi sikuuliza. Muhula haujaisha, kitambaa kikachuja na kupasuka, tukalazimika kununua upya. Tulidhani tumeokoa fedha za umma, tulikuwa tumezitupa.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imewapa upendeleo wazalishaji wa ndani. Lakini sheria haiketi mezani pamoja na kamati. Kwa hiyo nasema mambo matatu.

Kwanza, tuulize, tena tuulize mapema, wakati wa kuandika sifa za kitu tunachokitaka, siyo baada ya mzigo kufika.

Pili, tudai ubora. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kiwanda anayetuletea kitu hafifu, kisha akajificha nyuma ya bendera, anamwibia mwananchi sawa na mlanguzi mwingine yeyote. Upendeleo ni nafasi ya kujifunza kazi, si sadaka.

Tatu, na hapa najua nawagusa wengi, tulipe kwa wakati. Fundi wa madawati anayezungushwa miezi minane akidai malipo yake, huku mkopo wa mbao ukimwandama, hawezi kushindana na tajiri wa ng'ambo. Ofisi inayohubiri kununua vya nyumbani, kisha haimlipi wa nyumbani, inamwua kwa mkono wake.

Nanyi walimu, siku moja wapeni wanafunzi kazi hii: kila mmoja aitazame nguo aliyoivaa, aandike hatua zake tangu shambani, na aseme ni zipi zilizofanywa hapa. Hapo watafahamu kwa nini mkulima wa Simiyu anaweza kuvuna pamba maisha yake yote, na bado akavaa nguo iliyovuka bahari mara mbili.