Hodi, Tumewaletea cha Bure



Leo sitaongea mambo makubwa. Nataka tuongee kuhusu mlango. Mlango wa nyumbani kwenu, ule ambao saa tano asubuhi uko wazi, pazia linapepea, nyanya yuko kibarazani anachambua mchele, na wewe uko ndani umelala manake jana ulikesha na simu. Hapo ndipo hodi inapopigwa.

Kwa mama mdogo wangu, Kisauni, walikuja wawili. Mvulana na msichana, makoti ya kung'aa, kitambulisho cha kazi kimening'inia shingoni, fomu kwenye ubao. Wakaamkia vizuri, shikamoo mama. Wakasema kuna mradi wa kupunguza matumizi ya stima, mtaa huu umechaguliwa, kifaa ni bure, kazi yao ni kukifunga tu. Mama mdogo anauza mahamri na mbaazi, na ana friji mbili za maji baridi na juisi. Token zinamla. Hebu niambie, ungekuwa wewe ungekataa?

Wakamfanyia majaribio mbele ya macho yake. Walikuwa na kile kipima stima cha mafundi, kile chenye meno kinachobana waya. Wakambana waya wa friji, namba ikasoma. Wakachomeka kijisanduku chao cheupe chenye taa ya kijani, namba ikashuka. "Umeona mama?" Ameona. Kitambulisho kikapigwa picha mbele na nyuma, akaambiwa aweke sahihi kwa kidole kwenye simu yao. Dakika ishirini hazikufika, wakaaga wakaenda nyumba ya pili.

Mwezi wa pili simu ikaanza kulia. Kumbe kifaa kilikuwa bure, ila "huduma" ilikuwa shilingi 350 kila wiki kwa muda wa miezi 18, na sahihi yake ipo. Mama mdogo hakumwambia mtu. Alilipa kimya kimya, wiki 11, kwa pesa ya mahamri. Mimi nilijua siku nilipomkuta anakanda unga nusu ya ule wa kawaida, nikamuuliza mama vipi, mwili haukuruhusu? Ndipo akalia. Na kilichomliza, wallahi, hakikuwa zile 3,850. Ni ile aibu, ya kwamba yeye mtu mzima, mfanyabiashara, amechezewa na watoto waliomuamkia shikamoo.

Sasa tuangalie kile kijisanduku, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapigwa, na waliosoma zaidi hawajasalimika. Ndani mna kapasita na kijitaa, basi. Je, ile namba ilishuka kweli? Ilishuka. Hapo hapakuwa na mazingaombwe. Mota ya friji au feni huvuta mkondo zaidi ya ule inaoutumia kufanya kazi. Sehemu ya mkondo huo huenda na kurudi kwenye waya bila kufanya lolote. Kapasita hupunguza hiyo safari ya kwenda na kurudi, ndio maana kipima kikasoma kidogo. Lakini mita ya nyumbani haihesabu hiyo safari. Inahesabu uniti, yaani kilowati-saa, kazi iliyofanyika kweli kweli. Kwa hiyo amepunguziwa kitu ambacho hajawahi kulipishwa! Viwanda vikubwa ndivyo vinavyotozwa kwa mambo hayo, sio nyumba ya friji mbili.

Kwa hivyo ukionyeshwa majaribio, usitazame kifaa chao. Itazame mita. Andika uniti zilizobaki asubuhi, ishi wiki nzima na hicho kitu, kisha wiki nzima bila yake, uone tofauti. Mwenye kifaa cha kweli hatakuogopa ukimwambia arudi baada ya wiki mbili. Anayesema "leo ndio mwisho" amekwisha kukujibu.

Lakini mimi sitaki mtoke hapa mkiwa watu wa kufunga milango tu. Vya bure vya kweli vipo. Mwaka 2010 serikali na Kenya Power waligawa balbu za kupunguza matumizi, zaidi ya milioni moja, bure, unatoa balbu ya zamani unapewa mpya. Balbu zile zilipunguza bili kweli kweli. Hata jamaa zetu walioko Uingereza hugongewa milango wakiambiwa watabadilishiwa vifaa vya kudhibiti joto la nyumba bila kulipa, na huko uliwekwa mpango halali ulioyalazimisha makampuni makubwa ya kawi kugharamia kazi kama hizo kwa familia zenye kipato kidogo. Na matapeli wa huko nao husimama nyuma ya mpango huohuo. Uongo hupenda kuegemea kitu cha kweli, vinginevyo nani angeuamini?

Mnakumbuka mambo ya token mwaka 2024? Mita zote za token zilitakiwa zisasishwe kabla ya tarehe 24 Novemba. Sababu yake ilikuwa ya kihesabu tu. Kila token ina namba ya siri inayohesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa siku hiyo. Sasa angalia jinsi kazi ya kweli ilivyofanyika: unanunua token kama kawaida, unaletewa namba tatu za tarakimu 20, unaingiza mbili za kwanza kusasisha mita, ya tatu ndiyo stima yako. Hakuna aliyehitaji kuingia nyumbani kwako, hakuna malipo. Mita yenyewe ni mali ya Kenya Power, sio yako. Sasa mtu akija kukuambia anakuboreshea mita, hata bure, swali la kwanza ni: umetumwa na mwenye mita? Muombe jina na namba yake ya kazi, mwache nje, piga 97771 uulize. Usipige namba anayokupa yeye. (Hilo nalirudia kwa sababu mwenzetu mmoja alipiga namba aliyopewa, akajibiwa na binti mwenye sauti tamu, "ndiyo, huyo ni wetu". Bila shaka ni wao!)

Na akikunong'oneza kwamba anaweza kuifanya mita ihesabu polepole, huyo mtoe haraka. Kuchezea mita ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, na siku watakapokuja kukagua, yeye hatakuwepo. Jina kwenye akaunti ni la baba yako.

Swali langu la pili huwa ni moja tu, nalo huwakasirisha: nani analipa? Watu wawili wametembea juani siku nzima, wana mshahara, wana nauli, kifaa kina bei. Pesa inatoka wapi? Wakati mwingine jibu ni zuri. Kuna majiko yanayogawiwa bure au kwa bei ya kutupa, na anayelipa ni kampuni inayouza hewa ya kaboni ng'ambo kwa hesabu kwamba wewe umepunguza kuni na makaa. Sio haramu, sio wizi, jiko unabaki nalo. Lakini ile sahihi yako ndiyo inayowapa haki ya kuuza hesabu hiyo. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha California, Berkeley, walichapisha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza imejihesabia upungufu wa moshi mara 9 hivi kuliko ilivyostahili. Basi jiko lichukue ukilipenda, lakini ujue umeuza nini. Kama mwenye kuleta jiko hawezi kulieleza hilo kwa Kiswahili chepesi, mwambie arudi na mtu anayeweza.

Na wakati mwingine anayelipa ni kitambulisho chako. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi wapigwe picha ya mboni ya jicho kwa sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000, serikali ikasimamisha mwezi wa Agosti, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa kwenye vyama vya siasa ambavyo hawajawahi hata kuvisogelea. Picha ya kitambulisho pande zote mbili, namba ya simu na sahihi, hivyo vitatu vikikaa pamoja mikononi mwa mtu usiyemjua, vinaweza kufanya mengi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema anayechukua habari zako akueleze anazichukua za nini na nani mwingine atazipata, kabla ya kuzichukua. Kwa hiyo kuuliza sio utovu wa adabu. Waambie wazee wenu hivyo, kwa sababu wazee wetu wa Pwani wanaona kumhoji mgeni ni kumvunjia heshima. Mgeni apewe maji, apewe kiti kibarazani. Kitambulisho kibaki kabatini.

Sasa wale wa koti la kung'aa. Nawajua mko hapa. Kazi hakuna, umepata hii ya kutembea nyumba hadi nyumba, unalipwa kwa kila sahihi. Sikulaumu kwa kutafuta riziki. Lakini yule mvulana aliyekuja kwa mama mdogo tulimtafuta, tukampata, mtoto wa Mtopanga, umri wa ndugu yangu. Hakuwa amesoma mkataba! Alifundishwa maneno ya kusema asubuhi moja, akapewa kipima na majina ya mitaa. Alipoonyeshwa ile 350 kwa wiki aliishika simu akaisoma mara mbili. Kwa hiyo kabla hujavaa koti la mtu, muombe mkataba wanaoutia sahihi, usome wote, na ujiulize kama ungemfungia mama yako. Ukinyimwa mkataba, hiyo kazi iache, hata kama kodi ya nyumba imekaribia.

Mtaniuliza iliishaje. Tuliandika barua, tukaomba nakala ya mkataba kwa maandishi, tukawaambia mama mdogo anajiondoa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inampa mtu aliyeuziwa mlangoni nafasi ya kujiondoa bila kutoa sababu, ila siku zake ni chache, zinahesabiwa tangu upewe nakala, na mama mdogo nakala hakuwahi kupewa. Barua haikujibiwa. Simu za kudai zilikoma. Zile 3,850 hazikurudi na sidhani zitarudi. Kijisanduku tulikifungua kwa bisibisi mezani kwake, akaona mwenyewe kilichomo, akacheka kwa mara ya kwanza.

Kisha tukapiga *106# kwenye simu yake tuone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Alikuwa na mbili anazozijua. Ziliorodheshwa tatu. Ile ya tatu tukaenda kuifungisha siku hiyohiyo, kabla ya Alasiri. Ukifika nyumbani leo, chukua simu ya nyanya, umuombe ruhusa kwanza, upige hiyo namba ukiwa umekaa naye.