Chanjo ya HPV: Kijana Akiuliza, Tumjibu

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wahamasishaji wa afya ya jamii)



Baada ya kipindi chetu cha redio kuhusu chanjo ya HPV, kijana mmoja alipiga simu ofisini. Aliuliza: "Hiyo chanjo ni ya wasichana pekee?" Nikamjibu: "Ndiyo, wa miaka 10 hadi 14." Akashukuru, akakata simu. Nilimweleza sawasawa mpango wa serikali, lakini sikumsaidia. Sikumwambia kwamba virusi hivyo humdhuru mwanamume pia.

HPV huenea watu wanapogusana ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana. Mbali na saratani ya mlango wa kizazi, husababisha saratani ya koo, ya uume na ya njia ya haja kubwa, pamoja na chunjua za sehemu za siri. Wasichana wengi wakichanjwa, wanaume wanaoshiriki mapenzi na wanawake hukingika kiasi. Wanaume wanaoshiriki mapenzi na wanaume wenzao hawafikiwi na kinga hiyo. Tena hatari yao ya saratani ya njia ya haja kubwa ni kubwa zaidi, hasa wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Uingereza iliona pengo hilo. Tangu Aprili 2018, kliniki za magonjwa ya zinaa huko England huwachanja wanaume hao bila malipo, hadi umri wa miaka 45. Mwaka 2019 wavulana wa shule nao wakaingizwa katika mpango. Hata hivyo, chanjo ya kliniki humfikia anayefika kliniki na kuthubutu kujieleza. Nayo haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia mwilini, kwa hivyo anayechelewa hupoteza sehemu ya faida yake.

Ni nini huwazuia vijana hawa? Kwanza, kudhani ni chanjo ya wasichana. Na mabango yetu wenyewe yana picha za wasichana tu. Pili, gharama: hapa kwetu mpango wa bure ni wa wasichana, mwanamume hujilipia. Tatu, mhudumu kutowataja kabisa, ilhali neno la daktari ndilo husukuma wengi kuchanjwa. Nne, na zito kuliko yote, ni hofu: ya sheria, ya nyumbani, na ya siri yake kufika sokoni kabla yeye hajafika kwake.

Najua wengi wetu tuna msimamo juu ya maisha haya. Sikuja kuujadili. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yake. Saratani haiulizi msimamo wa mtu.

Siwezi kuwaahidi dozi za bure kwa wanaume. Ninachowaomba hakihitaji bajeti. Kijana akiuliza, msimcheke, msimhoji analala na nani. Mwelezeni kwamba HPV ni ya wote, mwelekezeni kwa mhudumu anayetunza siri, na mliyoyasikia yaishie hapo.

Kijana yule hajapiga simu tena. Huenda atamuuliza mmoja wenu.