Pericles wa Athene na Pericles wa Tiro

Jina la Pericles limechukuliwa na watu wawili, mmoja wa taarikhi na mmoja wa jukwaani, na kwa kuwa wote wawili huhesabiwa katika khabari za Wayunani, si ajabu mwanafunzi akawadhania kuwa mtu mmoja. Lakini ukiacha jina hawana walichoshirikiana, na bahari ilimtendea kila mmoja kinyume cha mwenziwe.

Wa Athene, mwana wa Xanthippus, alichaguliwa kuwa amiri wa jeshi mwaka baada ya mwaka, na ndiye aliyewahimiza watu wake wajenge hekalu la Parthenon, kazi iliyoanza mwaka 447 kabla ya Masihi, kwa fedha ambayo sehemu yake ilitoka katika hazina ya miji iliyoshirikiana na Athene dhidi ya Waajemi. Mahasimu wake walimlaumu kwa hilo, na mimi sioni kuwa walimdhulumu. Alisafiri na merikebu za vita ilipobidi, lakini kwa tabia hakuwa mtembezi. Mwandishi Plutarch asimulia kwamba mjini alionekana katika njia moja tu, ile iendayo sokoni na barazani, na karamu alizikataa zote ila arusi ya binamu yake, nayo aliondoka kabla haijesha.

Pericles wa pili ni mtawala wa Tiro, mji wa pwani ya Lebanoni, naye ni wa tamthilia ya Shakespeare, ingawa wataalamu wengi waona kwamba sehemu ya mwanzo ya tamthilia hiyo, iliyopigwa chapa mwaka 1609, iliandikwa na George Wilkins. Huyu hatulii. Afumbua kitendawili cha mfalme wa Antiokia, akuta ndani yake siri ya fedheha, akimbia kuinusuru roho yake. Apeleka nafaka Tarso penye njaa. Chombo chamvunjikia, aoa binti mfalme Thaisa. Naye Thaisa ajifungua katika tufani, adhaniwa amekufa, atiwa sandukuni na kutoswa. Miaka ikapita, kisha Pericles akampata binti yake Marina huko Mytilene, na mkewe akamkuta hai Efeso.

Pericles wa kweli hakurudishiwa kitu. Vita na Sparta vilipoanza mwaka 431, aliwashauri watu waache mashamba waingie ndani ya kuta, kwani chakula kingekuja kwa njia ya bahari. Mwaka uliofuata tauni ikaingia kwa bandari ya Piraeus, ikawakuta wamesongamana, ikamchukulia wanawe wawili, na alipomvika maiti wa mmoja wao, Paralus, shada la maua, yeye aliyesifiwa kwa ustahimilivu alilia mbele ya watu. Akabakiwa na mwana aliyezaa na Aspasia, mwanamke wa Mileto, na mwana huyo kwa sheria aliyoipitisha Pericles mwenyewe mwaka 451 hakuwa raia, maana raia alikuwa yule tu ambaye baba na mama wote ni Waathene. Ikambidi awaombe watu wamfanye raia, wakamridhia. Akafa mwaka 429.

Mwana huyo, aliyeitwa Pericles pia, akawa amiri kama babaye. Mwaka 406 yeye na wenziwe walishinda vita vya baharini huko Arginusae, lakini dhoruba ikawazuia kuwaokoa mabaharia wao waliokuwa wakielea majini, na kwa kosa hilo Waathene wakawaua maamiri sita, naye akiwa mmoja wao.